Kaboni ya Mama Karatasi

Kabla sijawaambia lolote kuhusu Mama Karatasi, niwaeleze kwanza kaboni ni kitu gani. Bila kaboni kisa hiki hakipo, na najua wengi wenu hamjawahi kuishika.

Ni karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, upande mmoja umepakwa wino mkavu, wa buluu au mweusi. Ukitaka barua itoke na nakala yake, unachukua karatasi safi, chini yake unaweka kaboni, uso wenye wino ukitazama chini, na chini ya kaboni unaweka karatasi safi nyingine. Unazigongagonga mezani zilingane, unazipitisha pamoja kwenye taipureta, halafu unapiga. Herufi ikigonga karatasi ya juu inaikandamiza kaboni, na kaboni inaacha wino kwenye karatasi ya chini. Basi, umepata nakala.

Ukiigeuza kaboni kimakosa, uso wenye wino ukatazama juu, nakala haiendi chini. Inajichapa mgongoni mwa ukurasa wako wa kwanza, maandishi yamepinduka kama uso wa mtu kwenye kioo, na karatasi ya chini inabaki nyeupe pee. Siku yangu ya kwanza kazini nilifanya kosa hilo kwa kurasa kumi na moja mfululizo kabla ya kugundua. Nawaambia ili mjue kwamba anayewasimulia hakuzaliwa fundi.

Jambo la pili, na hili mlishike. Kaboni iliyotumika mara moja tu ina kumbukumbu. Kila herufi imeondoa wino mahali pake na kuacha alama. Iinue mbele ya jua, mwanga utapita kwenye alama zile na utasoma ukurasa mzima. Ukiitumia mara ya pili na ya tatu, herufi zinapandiana, na ikifika mara ya sita hakuna awezaye kusoma chochote. Kwa hiyo karani wa ofisi maskini, anayetumia kaboni moja mpaka itoboke, hana siri ya kuvuja. Kuvuja ni shida ya wenye kaboni mpya.

Haya yote nilifundishwa na Bwana Pinto, Mgoa mwenye miwani mizito, aliyekuwa karani mkuu katika ofisi moja ya wakulima mjini Nakuru. Mimi nilikuwa kijana wa landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, baba yangu akiwa mfanyakazi wa karakana, na Kiingereza changu kilikuwa cha misheni. Bwana Pinto alifunika vitufe vya taipureta kwa kitambaa, akaniambia niangalie ukuta.

"Wafula, unasoma unachoandika?"

"Ndiyo, bwana."

"Acha. Karani hasomi. Akisoma anaanza kufikiri, na akifikiri vidole vinapotea njia."

Alinifundisha pia kupambana na vumbi la Nakuru. Kiangazi, upepo ukitoka upande wa ziwani, vumbi jeupe la magadi liliingia kila mahali, na taipureta ililipenda kuliko mtu alivyopenda ugali. Tulisafisha mashine kwa mswaki wa zamani na petroli kidogo, na tundu la herufi e tukalichokonoa kwa pini. Nyinyi hamtahitaji kuchokonoa e, lakini kila kazi ina e yake, sehemu inayotumika sana na kuziba mapema. Itafuteni hiyo kwanza.

Na siku ya mwisho ya kunifundisha aliniambia, "Barua ya siri ukimaliza kuiandika, kaboni yake ichome. Kaboni ni shahidi asiyeapishwa." Nikakubali kwa kichwa. Niliichukua kama sheria ya barua.

Mama Karatasi alikuja ofisini kwetu kutafuta karani. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, nywele zimekatwa fupi kama za mwanamume, kidoleni ana wino. Bwana Pinto alinitazama, akatazama kurasa zangu kumi na moja zilizopinduka, akasema, "Nenda naye. Anaandika riwaya. Hazina hesabu ndani yake, huwezi kuharibu kitu."

Jina lake la vitabuni sitalitaja, na lile la ndoa ndilo kabisa. Wafanyakazi wa shamba lake, njia ya kwenda Bahati, ndio waliompa jina la Mama Karatasi, kwa sababu upepo ulikuwa ukirusha kurasa zake mpaka kwenye pareto, na wachumaji walizirudisha pamoja na maua. Wazungu wote walikuwa na majina ya namna hiyo. Aliyekuwa mume wake tulimwita Bwana Kinu. Yeye ndiye mwenye vinu vya ngano, na ranchi, na mashamba ya mkonge, na maghala ambayo treni ilisimama kwa ajili yake. Siku hizi mngemwita bilionea. Sisi tulisema tu kwamba Bwana Kinu akipiga chafya Nakuru, mkate unapanda bei Nairobi.

Maisha ya Mama Karatasi niliyapata vipande vipande, kwa sababu alikuwa akisimulia huku akitembea na kusahau kwamba nilikuwa nikiendelea kupiga. Mara tatu nilichapa habari za utoto wake katikati ya sura ya riwaya, naye akazikata kwa mkasi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alizaliwa katika nyumba yenye chumba kimoja, mtoto wa mshona viatu, na kwamba alikuja nchi hii kufundisha watoto wa familia moja ya Njoro. Huko ndiko Bwana Kinu alipomwona. Waliishi pamoja miaka tisa katika nyumba yenye vyumba ishirini na sita, na aliniambia kwamba katika vyumba vyote hivyo hapakuwa na meza hata moja iliyokuwa yake.

Kitabu cha kwanza alikiandika katika chumba cha kuwekea mashuka, amekaa juu ya kikapu cha nguo. Bwana Kinu aliamini kwamba kuandika ni kama homa ya nyanda za juu, hupita yenyewe ukimpumzisha mgonjwa. Kitabu kilitoka kwa jina la kubuni. Jioni moja wageni wakakizungumza mezani, mmoja akasema lazima kimeandikwa na mwanamume aliyesafiri sana. Mama Karatasi akampitishia chumvi.

Walipoachana hawakupigana. Yeye alipewa nyumba ile ya njia ya Bahati na shamba lake, ekari si nyingi, kwa sharti moja, nami ninalijua kwa sababu hati ilikuwa kwenye kabati la mafaili yangu. Asimwandike Bwana Kinu katika kitabu chochote, kwa jina wala kwa mfano. Akifanya hivyo, nyumba inarudi kwa mwenyewe.

Alinionyesha hati hiyo wiki yangu ya kwanza. "Wewe soma hii mara moja," aliniambia. Kwa kazi tuliongea Kiingereza, ila kwa kugomba na kwa mambo makubwa alihamia Kiswahili chake cha wenye mashamba, ambacho hakikuwa na sarufi lakini kilikuwa na nguvu. "Mimi hapana andika yeye. Wewe ona mimi naandika yeye, wewe sema."

Nikasema sawa. Lakini ningeonaje? Karani hasomi.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Asubuhi yeye alitembea miguu mitupu kwenye veranda akisema sentensi, mimi nikipiga. Mchana alizikata kurasa kwa mkasi na kuzibandika upya kwa gundi ya unga. Siku ya pili nilichapa upya kile kilichobaki. Ukurasa mmoja niliwahi kuuchapa mara kumi na nne. Nilimwuliza kwa nini asiandike vizuri mara ya kwanza. Akacheka mpaka mbwa wakabweka, halafu akanijibu taratibu kabisa: "Mara ya kwanza ninajiambia mimi hadithi. Mara nyingine zote ninamwambia mtu mwingine." Vijana wanaotaka kuandika, hilo ni lake, nawapa bure.

Mimi nilikuwa nimefundishwa kutumia kaboni mpaka itoboke. Yeye hakutaka. Alikuwa ameachana na utajiri lakini kuna tabia ambazo hazikuachana naye, na mojawapo ilikuwa kaboni mpya kwa kila ukurasa. Alitaka nakala ya pili iwe kali kama ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyopelekwa ng'ambo kwa mchapishaji. Basi kila siku nilibaki na rundo la kaboni zilizotumika mara moja, bado zina wino tele, na mimi mtoto wa landi za reli niambiwe nizitupe?

Sikuzitupa. Jumamosi nilipopanda baiskeli kuteremka mjini kwa mke wangu, nilimpelekea. Mke wangu, Mama Rebeka, alikuwa katika kikundi cha kina mama wa kanisa waliokutana kila Alhamisi kudarizi vitambaa vya meza. Ili kudarizi ua, lazima kwanza ulichore kwenye kitambaa, na njia nzuri kuliko zote ni kuweka kaboni juu ya kitambaa, mchoro juu ya kaboni, halafu kufuata mistari kwa penseli. Kaboni dukani ilikuwa ghali. Kwa hiyo Mama Rebeka akawa mtu mkubwa katika kikundi chake.

"Baba Rebeka, wananiita mwenyekiti," aliniambia.

"Kwa sababu ya hekima yako?"

"Kwa sababu ya kaboni yako. Hekima hawajaiuliza."

Mmoja wa wanakikundi alikuwa Mama Zipora, na mume wake alikuwa mpishi. Alipika katika nyumba yenye vyumba ishirini na sita.

Mimi nilijua. Hilo siwezi kulificha. Nilijua mume wa Mama Zipora anapika kwa nani. Lakini akilini mwangu siri ilikuwa ni barua. Riwaya ni hadithi ya watu ambao hawapo. Ina siri gani? Bwana Pinto aliniambia nichome kaboni za barua, hakuniambia nichome za uongo.

Mchana mmoja kioo cha dirisha la jikoni kwa Bwana Kinu kilivunjika. Mpishi alingoja fundi wa vioo, na alipoona upepo unaingiza vumbi kwenye unga, akachukua karatasi ya kaboni ya mke wake, ambayo bado haikuwa imetumika kwa maua, akaibandika pale palipo wazi. Dirisha lile lilitazama mashariki. Na Bwana Kinu, pamoja na watumishi wote aliokuwa nao, alikuwa na mazoea ya kuja jikoni mwenyewe alfajiri kuchukua chai. Jua likachomoza nyuma ya kaboni. Akasimama na kikombe, akasoma.

Hayo yote nilielezwa na mpishi baadaye. Mimi nilichoona ni gari jeusi likipanda njia yetu Jumanne, saa nne asubuhi, Mama Karatasi akiwa kwenye pareto. Akashuka wakili kutoka Nairobi, kijana mwembamba, kola imemkaba. Aliniuliza kama mimi ndiye karani, akatoa kaboni kwenye bahasha, akaiinua kuelekea jua.

"Hii kazi yako?"

Sikuhitaji kusoma. Taipureta yetu ilikuwa na herufi t iliyovunjika mkono wa kushoto. Kila t kwenye kaboni ile ilikuwa na mkono mmoja. Fundi humtambua mtoto wake.

"Inafanana," nikasema.

Akatandaza karatasi mezani. Ilisema kwamba mimi, Wafula fulani, nilichapa ukurasa ule kwa mashine ile, maneno yakitoka kinywani mwa bibi yule. Akanipa kalamu yake.

"Tia sahihi hapa. Bwana Kinu ana ofisi nne, na karani mzuri hakosi nafasi." Kisha akatazama nje, kama mtu anayezungumzia mvua. "Na siku hizi mtu bila kazi anatembeaje?"

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Kwenda shamba moja hadi jingine kulihitaji barua ya mwajiri, na vijana niliosoma nao walikuwa wamepakiwa kwenye malori kwa kukosa kipande cha karatasi. Nilielewa vizuri sana alichouliza.

"Bwana," nikasema, "mimi kazi yangu ni taipu. Sahihi ni ya mwenye barua. Mngoje mwenyewe."

Hakungoja. Alisema atarudi Ijumaa, na atakuja na mwenye nyumba. Alisema hivyo hasa, mwenye nyumba.

Alipoondoka ndipo nilipofanya kitu ambacho Bwana Pinto alinikataza. Nilitoa nakala ya ukurasa ule kwenye faili nikausoma. Ulikuwa ukurasa wa mume na mke wakipata kifungua kinywa. Mume ni tajiri, hana maneno. Kila asubuhi, macho yakiwa kwenye gazeti, vidole vyake vinamenya chungwa bila kuliangalia, ganda linatoka kama ukanda mmoja mrefu, kisha anasukuma sahani upande wa mke wake. Hajawahi kumwambia neno la upendo. Mke anaitazama sahani, na ukurasa ukaishia hapo, katikati ya sentensi.

Nilimngoja Mama Karatasi kwenye ngazi, nikamwambia yote. Kaboni, vitambaa, Mama Zipora, mpishi, wakili. Watu husema ukweli unapunguza mzigo. Mimi sikuona umepungua.

"Umetoa karatasi ngapi?"

"Za miezi mitatu, Memsaab."

Akakaa chini. "Basi riwaya yangu nzima iko kwenye meza za Nakuru," alisema, "imegeuka maua."

Nilimwambia nitafunga vitu vyangu.

"Wewe hapana funga kitu. Mimi iko na mwandishi wa taipu moja tu." Halafu akarudi kwenye Kiingereza, akanieleza kama mtu anayefundisha. Alikuwa na njia mbili. Achome mswada, abaki na nyumba. Au abaki na mswada, na aanze kutafuta chumba cha kupanga, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja na mbwa watatu. Nikamwuliza kile ambacho nilitakiwa nikiulize mapema. Je, yule mume anayesoma gazeti ni Bwana Kinu?

"Nilidhani nimemficha," akasema. "Nilimpa ndevu."

Jumatano hakunipa hata sentensi moja. Nilisafisha taipureta mpaka ikang'aa, kisha nikaisafisha tena. Alhamisi asubuhi alikuja miguu mitupu, akasimama, akaanza sura mpya. Hapo nikajua mswada hautachomwa. Nilipiga kwa nguvu sana siku ile.

Ijumaa walikuja. Nilikuwa nimemwazia Bwana Kinu kama jengo. Alikuwa mtu mfupi, sweta yake imeshonwa viraka viwikoni, na alikaa kwenye ngazi ya veranda kabla hajakaribishwa kiti. Waliongea Kiingereza, ninayaweka hapa kama nilivyoyasikia, nikiwa nyuma ya mashine yangu.

"Ukurasa huu unaishia katikati," alisema, kaboni mkononi.

"Kurasa huwa hivyo."

"Yeye hulila? Yule mwanamke. Hulila, au huliacha kwenye sahani?"

"Subiri kitabu kama watu wengine, Charles."

Wakili akakohoa, akafungua daftari. "Tuingie kwenye jambo lenyewe. Bibi, mwanamume huyu wa kitabuni ni nani?"

"Ni mtu niliyemtunga."

"Hafanani na mtu yeyote aliye hai?"

Kabla hajajibu, Bwana Kinu akasema, akiitazama kaboni, si sisi, "Lilikuwa chenza."

Wakili aligeuka haraka na kalamu yake ikashuka kwenye karatasi. Mwaona ule mtego? Sidhani Bwana Kinu aliutega. Nafikiri neno lilimtoka tu. Lakini mtego ulikuwepo. Kama Mama Karatasi angesema, kweli, nimekosea, lilikuwa chenza, basi angekuwa amekiri kwamba asubuhi zile zilikuwepo na mtu yule ndiye huyu. Neno moja la kweli, na nyumba imekwenda.

Na nilimjua. Mtu aliyenichapisha ukurasa mara kumi na nne kwa sababu ya rangi ya ndoo. Kosa kwenye ukurasa wake lilimwasha kama upupu. Niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja juu ya mbao.

"Wafula," akasema bila kugeuka, "pale umeandika nini?"

"Chungwa, Memsaab."

"Basi ni chungwa. Mtu wa kitabuni hula machungwa."

Bwana Kinu aliinama, akamtazama mbwa mmoja kwa muda mrefu, kama vile mbwa ndiye aliyekuwa na hati. Kisha akainuka.

"Mimi sijawahi kummenyea mtu chungwa maishani mwangu," alimwambia wakili. "Funga daftari. Mtu huyu simjui."

"Lakini bwana, karani anaweza kuthibitisha..."

"Karani amethibitisha. Amesema chungwa."

Akaikunja kaboni mara nne, akaitia mfukoni mwa sweta. Wino wa buluu lazima ulichafua sufu ile. Aliondoka bila kuaga, na Mama Karatasi akaniambia turudi pale tulipoachia.

Mngependa kisa kiishie hapo, nami kwa muda nilidhani kimeisha. Nilichapa nakala ya mwisho, nikaandika chungwa, nikakagua mara mbili. Na tangu siku ile kaboni zetu nilizichoma kwenye pipa nyuma ya jiko, jambo lililompotezea Mama Rebeka uenyekiti. Mswada ukaenda kwa meli. Baada ya miezi zikarudi prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa na kiwanda, ambazo mwandishi huzisahihisha kwa kalamu mara ya mwisho. Alizisahihisha peke yake, akafunga kifurushi, mimi nikakipeleka posta ya Nakuru kwa baiskeli bila kukifungua.

Kitabu kilipofika nilifanya kile anachofanya kila karani. Sikutazama jalada, nilitafuta ukurasa wangu. Nikausoma. Nikausoma tena. Nikaenda nao kwenye veranda.

"Memsaab, hapa wamechapa chenza."

"Ndiyo."

"Nani amebadilisha?"

"Mimi."

"Na nyumba?"

Alinieleza kwa subira, kama Bwana Pinto na vumbi. Chungwa, alisema, lina ganda gumu, linahitaji kisu. Mtu hawezi kumenya chungwa kwa vidole huku macho yakiwa kwenye gazeti, na ganda litoke kama ukanda. Chenza tu ndilo linakubali. "Ningeacha chungwa ningelazimika kumpa kisu," alisema. "Na mkono wenye kisu si mkono ule."

Nimefanya kazi ya taipu miaka thelathini na minne, nyingi katika ofisi za serikali baada ya Uhuru, na nimewafundisha vijana wengi kuangalia ukuta na kuacha vidole viende. Lakini tangu siku ile niliwaambia pia, someni. Bwana Pinto alikuwa na haki kuhusu vidole. Kuhusu macho alikosea. Kama ningesoma, ningemwambia mapema kwamba chungwa halimenyeki hivyo, na ningejua pia ni nini nilichokuwa nikikipeleka mjini kila Jumamosi nyuma ya baiskeli.

Tulingoja gari jeusi. Kitabu kiliuzwa Nairobi, kikauzwa Nakuru, watu wa vyumba ishirini na sita lazima walikisoma. Mama Karatasi alianza kupunguza vitu ndani ya nyumba, sufuria moja leo, kiti kimoja kesho, akitoa zawadi kwa wachumaji wa pareto. Mimi niliandika orodha ya vyumba vya kupanga vinavyokubali mbwa. Vilikuwa viwili.

Wiki ya sita lilipanda lori, limepakwa jina la vinu vya ngano ubavuni. Dereva akashuka, akafungua nyuma, akateremsha sanduku la mbao lenye nafasi kati ya mbao na mbao, na kupitia nafasi zile niliona rangi. Yalikuwa machenza, yametandikiwa nyasi. Nilitafuta barua. Hapakuwa na barua. Dereva alikuwa na kitabu cha kupokelea mizigo, na sehemu ya anayetuma ilikuwa wazi.

"Boss, nani atatia sahihi hapa?" aliniuliza. "Nimeambiwa lazima mtu wa nyumba hii atie sahihi."

Nikaikumbuka ile karatasi ya wakili, nikamtazama Mama Karatasi. Alikuwa amesimama mlangoni miguu mitupu, na muda ule aliochukua kujibu ulinitosha kuhesabu machenza ya safu ya juu. Kisha akaja, akalichomoa moja kwenye nyasi, akalimenya bila kuliangalia, akampa dereva.

"Wafula, wewe pokea," alisema. "Sahihi hapana weka."